Wafini Hawakuzaliwa na Magazeti Huru

Kila mwaka, orodha ya dunia ya uhuru wa vyombo vya habari inapotoka, simu yangu hujaa ujumbe. Norwei ni namba moja, nafasi ambayo imeishika tangu 2017. Ufini, ninakoishi mwaka wa kumi na mbili sasa, iko karibu na kilele. Ndugu na marafiki hunitumia picha ya orodha hiyo wakiwa wamezizungushia nchi hizi wino mwekundu, na chini yake huandika maelezo yao. Hayo maelezo ndiyo yanayoniuma. Nimeyasikia kijiweni Tanga nikiwa likizo, mbele ya kahawa chungu na kashata. Nimeyasikia Helsinki pia, kwenye arusi, vinywani mwa Waswahili wenzangu waliokaa huku kunizidi. Mengi yana chembe ya ukweli, na ndiyo maana hayafi. Ila ukiyakusanya pamoja utaona yote yanaegemea wazo moja: kwamba uhuru wa habari huku uliota wenyewe, kama uyoga msituni baada ya mvua. Nimechoka kuyajibu vipande vipande kwenye simu, kwa hiyo nayajibu hapa.

La kwanza husemwa na wasomi zaidi: "Ni jadi yao tangu zamani."

Anayesema hivi kwa kawaida ameshaisoma habari ya Anders Chydenius, na ni habari nzuri kweli. Mwaka 1766, Ufini ikiwa bado sehemu ya ufalme wa Uswidi, bunge lililoketi Stockholm lilipitisha sheria ya uhuru wa uchapishaji, ya kwanza ya aina yake duniani. Iliondoa ukaguzi wa maandishi kabla ya kuchapwa, isipokuwa yale ya dini, na ikampa raia haki ya kuomba na kuzisoma nyaraka za serikali. Miongoni mwa walioisukuma kwa bidii kubwa alikuwa Chydenius, kasisi wa parokia ndogo ya Ostrobothnia, magharibi mwa Ufini. Wasimulizi wengi hukomea hapo. Hawasemi kwamba Chydenius alifukuzwa bungeni mwaka huohuo, kabla sheria yenyewe haijapita, kwa sababu alichapisha kijitabu kilichopinga sera ya fedha ya upande wake mwenyewe. Wala hawasemi kwamba mwaka 1772 mfalme Gustav wa Tatu alilinyang'anya bunge mamlaka, na kufikia 1774 sheria ile ilikuwa imekatwa makali. Uhuru wenyewe ulidumu miaka minane.

Kisha wakaja Warusi. Kuanzia 1809 Ufini ilikuwa chini ya Kaisari wa Urusi, na wakaguzi wa maandishi wakarudi kazini. Mwanafalsafa J. V. Snellman alianzisha gazeti lake, Saima, katika mji wa Kuopio mwaka 1844. Mwaka 1846 lilifungwa. Mwaka 1850 ikatoka amri ambayo kila mpenzi wa Kiswahili anapaswa kuijua: kwa lugha ya Kifini isichapishwe kitu chochote isipokuwa mambo ya dini na ya uchumi. Lugha ya watu walio wengi nchini ikaachiwa sala na ukulima. Riwaya marufuku, habari za siasa marufuku.

Mwaka 1904 gavana mkuu wa Kirusi, Bobrikov, alipigwa risasi Helsinki. Gazeti la Päivälehti likaandika makala ya sikukuu ya katikati ya kiangazi ambayo wakaguzi waliisoma kama shangwe ya kifo chake. Likafungwa moja kwa moja. Mmoja wa waanzilishi wake, Eero Erkko, alikuwa ameshafukuzwa nchini mwaka mmoja kabla. Waliobaki wakafungua gazeti jingine miezi michache baadaye kwa jina jipya: Helsingin Sanomat. Leo ndilo gazeti kubwa kuliko yote nchini, na wageni hudhani limekuwako siku zote, kama kanisa kuu la mji.

Lakini kipindi kinachonigusa zaidi ni cha karibu, maana ndani yake hakuna mkaguzi wa kigeni wa kumlaumu. Baada ya vita kuu ya pili, Ufini ilibaki nchi huru yenye bunge na uchaguzi, ila ikawa na mpaka wa zaidi ya kilomita 1,300 na Muungano wa Kisovieti uliokuwa umeishinda vitani. Wahariri wakajifunza kukata sentensi kabla mtu hajawaambia wakate. Filamu iliyotokana na kitabu cha Solzhenitsyn kuhusu siku moja ya mfungwa wa kambi za Stalin ilizuiwa kuonyeshwa nchini miaka ya mwanzo ya 1970. Mwaka 1974, kitabu chake kikubwa kuhusu kambi hizo kilipotakiwa kutoka kwa Kifini, mchapishaji wake wa Helsinki alisita, na juzuu ya kwanza ikachapwa Uswidi. Wafini wana neno la hali ile, suomettuminen, na sijawahi kumsikia mtu akilitamka kwa fahari. Anayeniambia kwamba uhuru huu uko kwenye damu yao anieleze basi damu hiyo ilikuwa wapi mwaka 1974.

"Ni matajiri. Tumbo likishiba ndipo mtu hudai uhuru."

Hili nalijibu kwa kifupi. Kati ya 1866 na 1868 njaa iliua zaidi ya watu 100,000 katika nchi hii, wakati ambapo wakazi wake hawakufika milioni mbili. Watu walichanganya unga na magome ya misonobari. Hata hivyo wengi wa waliokufa walijua kusoma, kwa sababu kanisa la Kilutheri lilikuwa limekataa kwa vizazi vingi kumfungisha ndoa mtu asiyeweza kusoma katekisimu. Mchungaji alipita vijijini kuwasikiliza watu wazima wakisoma mmoja mmoja, na aliyeshindwa aliaibika mbele ya majirani. Kanisa lilitaka wasome neno la Mungu; wao wakasoma na magazeti. Päivälehti lilianza 1889, gazeti la wafanyakazi Työmies likaanza 1895, katika nchi ya wakulima na wakata miti iliyokuwa miongoni mwa maskini wa Ulaya. Magazeti yalitangulia, pesa zikaja baadaye. Na kama utajiri peke yake ungetosha, nchi za Ghuba, wanakofanya kazi ndugu zetu wengi, zingekuwa kileleni mwa orodha hiyo.

Sasa nifike kwenye dai ambalo hunichukua muda mrefu zaidi, na ambalo nakiri lina uzito: "Yle inalipwa kwa kodi, kwa hiyo ni kipaza sauti cha serikali."

Yle ni shirika la utangazaji la umma, lililoanzishwa mwaka 1926. Dola ndiyo mmiliki wa karibu hisa zake zote. Mtu aliyekulia kwenye taarifa ya habari inayoanza na ziara ya kiongozi na kuishia na ziara ya kiongozi ana haki ya kushuku. Nami nilishuku. Tuangalie basi jinsi fedha na madaraka vinavyopita.

Zamani kila nyumba yenye televisheni ililipa ada, na wakaguzi walipita milangoni kuuliza. Tangu 2013 ada hiyo imeondolewa, ikaja kodi maalumu ya Yle: mtu mwenye kipato hukatwa kulingana na mapato yake, na hata tajiri halipi zaidi ya takribani euro 160 kwa mwaka. Mimi hukatwa, na huiona kwenye hesabu yangu ya kodi kila mwaka. Fedha za Yle hupitia mfuko wake maalumu, na kiasi chake kimewekwa na sheria, hivyo waziri aliyekasirishwa na kipindi cha jana hawezi kufunga bomba kesho asubuhi. Wanaoisimamia Yle ni baraza la watu 21 wanaochaguliwa na Bunge, wa vyama vya serikali na vya upinzani pamoja. Baraza huteua bodi, bodi humteua mkurugenzi mkuu. Serikali iliyoko madarakani haina kiti chake yenyewe katika mlolongo huo. Wanasiasa wamo, hilo silikatai, lakini wanakaa meza moja na mahasimu wao.

Mtoa hoja hapo huleta kisa cha 2016, na anafanya vizuri kukileta. Novemba mwaka huo Yle ilitangaza kwamba kampuni ya jamaa za Waziri Mkuu Juha Sipilä ilipata kazi ya karibu nusu milioni ya euro kutoka mgodi wa Terrafame, unaomilikiwa na dola, ambao serikali yake ilikuwa ikiupigania fedha. Usiku uleule Waziri Mkuu alimwandikia mwandishi wa habari hiyo barua pepe kadhaa mfululizo, akilalamika. Wakuu wa Yle wakazibana habari za kufuatilia. Mchunguzi wa malalamiko wa Bunge baadaye aliona kwamba kisheria Sipilä hakuwa na mgongano wa maslahi. Sawa, lakini hilo halifuti shinikizo lililofika kwenye chumba cha habari, na Ufini ikashuka mwaka 2017 kutoka namba moja ya dunia hadi ya tatu.

Kwa hiyo dai ni kweli? Fuatilia kisa mpaka mwisho. Siri ya kubanwa kwa habari hizo ilifichuliwa na jarida binafsi, Suomen Kuvalehti. Waandishi wa Yle walijiuzulu badala ya kunyamaza. Machi 2017 baraza la habari, chombo cha wanahabari wenyewe kilichoanzishwa mwaka 1968, likaitia Yle hatiani kwa kuruhusu mtu wa nje kuelekeza uhariri. Mei mhariri mkuu akaondoka. Kipaza sauti cha serikali hakivunjiki kwa namna hiyo, hadharani, mbele ya washindani wake. Ninachokiona katika kisa kile ni shirika lililokosea na kazi ya habari iliyokuwa na watu wa kutosha, ndani na nje ya shirika, waliokataa kosa lipite. Tofauti kati ya Ufini na nchi nyingine naiona hapo, maana simu kutoka juu hupigwa kila mahali.

Niongeze kwamba adui mkubwa wa Yle miaka hii amekuwa wachapishaji binafsi. Chama chao kiliishtaki kwa Tume ya Ulaya kikidai kwamba habari za maandishi za bure mtandaoni zinawaua. Sheria ikabadilishwa, na tangu 2022 maandishi ya Yle lazima kwa sehemu kubwa yafungamane na sauti au picha zake za video. Mimi sikuipenda sheria hiyo. Ila shirika linalobanwa namna hii na washindani wake halifanani na redio ya ikulu.

"Huko mwandishi haguswi." Dai hili husemwa kwa wivu mwema, nami hulijibu kwa huzuni.

Desemba 2017 Helsingin Sanomat lilichapisha habari kuhusu kituo cha kijeshi cha kunasa mawasiliano, kilichoko katikati ya nchi. Siku iliyofuata, mmoja wa waandishi, akitaka kuwalinda watu waliompa habari, aliipiga kompyuta yake kwa nyundo katika chumba cha chini cha nyumba yake. Ikafuka moshi. Zimamoto wakaitwa, polisi nao wakaja, na nyumba yake ikapekuliwa. Waandishi watatu wakashtakiwa kwa kufichua siri za dola. Januari 2023 mahakama ya wilaya ya Helsinki iliwatia hatiani wawili, mmoja wao akatozwa faini, wa tatu akaachiwa, na kesi ikaendelea kwenye rufani. Zaidi ya miaka mitano ilipita kati ya habari na hukumu hiyo ya kwanza. Wasomaji wengine wa hapa waliona ni haki: nchi yenye jirani kama Urusi lazima itunze siri zake. Mimi naona miaka mitano ya kuwa mshtakiwa ni adhabu tosha ya kumfanya mwandishi kijana aiache habari ya aina hiyo ipite. Namba ya juu kwenye orodha haimpi mtu kinga. Inaonyesha tu kwamba kisa kama hiki ni nadra, na kwamba kikitokea kila mtu hukijua.

"Wafini hawadanganyiki, wamefundishwa shuleni." Kweli wamefundishwa. Katika vipimo vya Ulaya vya uwezo wa jamii kuhimili habari za uongo, Ufini imekuwa ya kwanza mara kwa mara. Mtaala ulioanza kutumika 2016 unataka kila somo, hata hisabati, limfundishe mtoto kuuliza: nani ameandika hili, kwa faida ya nani, na ameacha nini? Kuna wiki nzima ya magazeti kila mwaka shuleni. Binti yangu aliwahi kurudi nyumbani na tangazo la dawa ya kupunguza unene lililokatwa gazetini, akanisomea maneno matano ya ujanja aliyoyapigia mstari. Nilijivunia sana.

Lakini muulize Jessikka Aro, mwandishi wa Yle, kama elimu hiyo ilimkinga. Kuanzia 2014 alichunguza watu wanaolipwa kueneza propaganda ya Kirusi mtandaoni, na wakamgeukia yeye. Alitukanwa na kuzuliwa kwa miaka, rekodi zake za zamani zikaanikwa, akafikia kuihama nchi kwa muda. Tovuti iliyoongoza kumchafua iliandikwa kwa Kifini na kusomwa na Wafini waliopita shule hizohizo. Oktoba 2018 mahakama ilimhukumu mwanzilishi wake kifungo cha miezi 22. Shule imefanya kazi kubwa, na hata hivyo ilibidi mwanamke mmoja asimame miaka minne akipigwa mawe ndipo sheria ikamfikia.

Kwa wanaosema kwamba magazeti yanakufa hata huku, sina ubishi mwingi. Nakala za karatasi zimepungua, baadhi ya magazeti hayachapwi tena kila siku, na umiliki unazidi kubanana: Aamulehti, gazeti la mji wangu wa Tampere tangu 1881, liliuzwa mwaka 2020 kwa kampuni ileile inayomiliki Helsingin Sanomat. Hilo silipendi. Lakini takribani mtu mmoja kati ya watano hapa hulipia habari mtandaoni kwa hiari yake, na jirani yangu mwenye miaka 80 angali analipata gazeti lake mlangoni kabla ya alfajiri, theluji ikiwa magotini. Gazeti linalolipwa na msomaji humwogopa msomaji wake. Natamani kwetu tulijadili hilo kuliko tunavyojadili orodha.

Nimeliacha mwisho dai linalorudiwa zaidi: "Wako wachache, lugha moja, kabila moja. Kwao ni rahisi."

Ufini ina lugha mbili za taifa, Kifini na Kiswidi. Wenye Kiswidi ni karibu asilimia 5 tu, nao wana magazeti yao, likiwamo Hufvudstadsbladet la tangu 1864, na idara yao kamili ndani ya Yle yenye redio na vipindi vya televisheni. Kaskazini wako Wasami, wenye lugha tatu upande huu wa mpaka, mojawapo ikizungumzwa na watu mia chache tu. Yle huwatangazia, na taarifa yao ya habari ya televisheni huandaliwa pamoja na Norwei na Uswidi. Kuna habari kwa Kirusi. Kuanzia 1989 hadi 2019 kulikuwa hata na muhtasari wa habari wa kila wiki kwa Kilatini. Redio hailipi faida kwa lugha ya watu mia chache. Inatangazwa kwa sababu Bunge liliandika kwenye sheria kwamba watu hao nao wanadaiwa habari. Na Kifini chenyewe, kilichoachiwa sala na ukulima mwaka 1850, kina wasemaji milioni tano tu. Sisi wa Kiswahili tunahesabiwa kwa makumi ya mamilioni.

Kuna pia habari kwa Kifini chepesi, selkouutiset. Mtangazaji husema polepole, sentensi fupi, neno gumu huelezwa papo hapo. Huandaliwa kwa wazee waliopoteza kumbukumbu, kwa wenye shida ya kuelewa, na kwa wageni. Mimi nilijifunza Kifini hapo, majira yangu ya baridi ya kwanza, daftari mkononi, giza likiingia saa tisa alasiri. Neno langu la kwanza gumu lilikuwa eduskunta, Bunge. La pili lilikuwa leikkaus, kukata, wakizungumzia bajeti.

Nalo limerudi. Vuli ya 2024 vyama vya Bunge vilikubaliana kwamba Yle ipunguziwe takribani euro milioni 66 kwa miaka ya 2025 hadi 2027, na shirika likatangaza kuondoa mamia ya nafasi za kazi. Hapakuwa na jeshi wala mkaguzi wa Kaisari. Ni hesabu tu, zilizojadiliwa kwa utaratibu na kupigiwa kura. Wiki ile nilimwandikia mmoja wa wabunge wa jimbo letu, kwa Kifini changu chenye makosa ya viambishi. Ilikuwa barua yangu ya kwanza kwa mwanasiasa maishani. Nilimweleza habari ya daftari, nikamwomba wakikata, wasikate sauti ile ya polepole. Alinijibu baada ya wiki mbili, kwa sentensi fupi fupi na maneno mepesi, ili niweze kuelewa.